Upasuaji wa Pili wa Kupunguza Uzito: Kwanza Chanzo, Kisha Kisu

Upasuaji wa kupunguza uzito si habari ngeni tena Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa wala Muscat. Wapo waliofanyiwa karibu na nyumbani, na wapo waliosafiri hadi India au Uturuki. Baadhi yao sasa wana swali jingine, gumu kuliko lile la mwanzo: walipungua, kisha kilo zikaanza kurudi, au hawakupungua walivyotarajia, au walipungua lakini wameachiwa kiungulia kisichowapa usingizi. Je, warudi tena chumba cha upasuaji?

Majibu wanayopewa yanagongana. Daktari mmoja anasema upasuaji wa marudio ni jambo la kawaida. Ndugu wanasema tatizo ni mdomo. Duka la dawa linauza sindano za kukata hamu ya kula. Tangazo kwenye simu linaahidi kifurushi cha marekebisho, hoteli na usafiri wa uwanja wa ndege vikiwa ndani ya bei. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini wote wanawahi kutoa jibu kabla ya swali lililo muhimu zaidi: kwa nini upasuaji wa kwanza haukutoa matokeo yaliyotarajiwa? Hoja ya makala haya ni kwamba maandalizi ya upasuaji wa pili si foleni ya kungojea tarehe. Ni tiba yenyewe, na mara nyingine ndiyo yanayoonyesha kwamba upasuaji huo hauhitajiki.

Tulikotoka

Upasuaji wa aina hii una zaidi ya nusu karne. Mwaka 1966, Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kufanya baipasi ya tumbo, akitumia maarifa yaliyotokana na upasuaji wa vidonda vya tumbo. Baadaye zikaja njia nyingine. Mkanda wa tumbo ni pete ya silikoni inayobana sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na hukazwa au kulegezwa kwa kuingiza maji kupitia kitufe kilicho chini ya ngozi. Slivu, ambayo leo ndiyo inayofanyika zaidi duniani, huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba. Baipasi hutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, hivyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Njia hizi hazikosei kwa namna moja. Mkanda unaweza kuteleza, kula ukuta wa tumbo na kuingia ndani, au kuvuja. Slivu inaweza kutanuka, au ikawa ilibakiza kipande cha juu cha tumbo kilichopaswa kuondolewa, sehemu ambayo hutoa homoni ya njaa kwa wingi. Baipasi inaweza kulegea pale kifuko kinapoungana na utumbo, au kukatokea tundu linalorudisha chakula kwenye tumbo la zamani. Ndiyo maana ushauri uliomfaa mwenye mkanda unaweza kumdhuru mwenye slivu.

Lini tuseme matokeo si mazuri?

Mkanganyiko mwingi unaanzia hapa. Wengi huhesabu kwamba wameshindwa mara tu mizani inapopanda, ilhali kupanda kidogo baada ya mwaka wa pili ni jambo linalotarajiwa. Utafiti mkubwa wa Sweden unaojulikana kama SOS, ulioanza mwaka 1987, ulionyesha hivyo waziwazi. Waliofanyiwa baipasi walipoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito katika mwaka wa kwanza hadi wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa chini kwa asilimia 25. Wenye mkanda walitoka asilimia 20 hadi 14.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu aliyeanza na kilo 120 akafanyiwa baipasi na kupungua kwa wastani huo anafika kilo 82 hivi, na baada ya miaka 10 yuko kwenye 90. Amepanda kilo 8, na bado yuko ndani ya wastani. Makubaliano ya wataalamu wa shirikisho la kimataifa la upasuaji huu, IFSO, ya mwaka 2024, yanaweka mipaka iliyo wazi: matokeo ya awali ni hafifu pale mtu anapopungua chini ya asilimia 20 ya uzito wake, au magonjwa yaliyotokana na unene yasipopata nafuu ya kutosha, na hali imerudi nyuma pale anapoongeza zaidi ya asilimia 30 ya kilo alizopoteza, au magonjwa hayo yanapozidi. Kwa mtu wetu aliyepoteza kilo 38, mpaka huo unafika karibu na kilo 93. Mwenye kilo 88 ambaye kisukari chake kimetulia hana sababu ya kutafuta kisu. Mwenye kilo 105 ambaye presha imerudi ana kila sababu ya kuchunguzwa.

Lipo pia kundi ambalo mizani haiwahusu kabisa. Katika utafiti wa Finland uitwao SLEEVEPASS, baada ya miaka 10 asilimia 31 ya waliofanyiwa slivu walikuwa na uvimbe wa umio unaosababishwa na asidi, dhidi ya asilimia 7 ya waliofanyiwa baipasi. Mtu anaweza kuwa amepungua vizuri na bado akahitaji upasuaji wa pili kwa sababu asidi inamuunguza kila usiku.

Kwa nini uzito hurudi

Sababu zinaweza kugawanywa katika mafungu manne, na mara nyingi mgonjwa mmoja ana zaidi ya fungu moja.

Fungu la kwanza ni la maumbile ya upasuaji wenyewe, kama yale yaliyotajwa hapo juu. Haya yanaonekana kwa kipimo, na mara nyingi kisu, au kamera inayoingizwa mdomoni, vinaweza kuyarekebisha.

La pili ni mwili unaojitetea. Mtu akipungua sana, mwili hutumia nguvu kidogo kuliko awali na kuchochea njaa. Upasuaji hutuliza hali hiyo kwa muda mrefu, lakini si kwa kila mtu kwa kiwango kilekile. Hapa hakuna uzembe wa mtu.

La tatu ni ulaji, na linahitaji kutazamwa kwa karibu kuliko lawama za kawaida. Baada ya upasuaji, kipande cha nyama ya ng'ombe au kuku kinaweza kukwama na kuleta maumivu na kutapika. Uji wenye sukari, chai ya maziwa, juisi ya miwa, kitumbua kilicholowekwa kwenye chai na soda iliyopoa gesi vinapita bila shida. Bila kukusudia, mgonjwa anajifunza kukimbia protini na kukimbilia laini. Hali sahani iliyojaa, ila anaonja kutwa nzima. Ukimuuliza anakula kiasi gani, atakujibu kwa ukweli kwamba anakula kidogo. Tena, kukwama huko kwenyewe kunaweza kuwa dalili kwamba mrija au maungio yamebana, na anayelaumiwa kwa kupenda vitamu kumbe ana kasoro ambayo kamera ingeiona.

La nne ni magonjwa na dawa. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, msongo wa mawazo na ulaji wa kupitiliza usiozuilika ni baadhi yake. Insulini, prednisolone, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na kifafa, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu zinaweza kuchangia ongezeko la uzito. Katika eneo letu ipo pia DTG, iliyomo kwenye kidonge cha ARV kinachotumika zaidi, nayo imehusishwa na kunenepa kwa baadhi ya watumiaji. Anayeitumia asiiache hata siku moja kwa hofu ya kilo. Amweleze daktari, kwa kuwa taarifa hiyo inabadilisha tafsiri ya mizani yake.

Misimamo inayoshindana

*Arudi kwenye upasuaji mapema.* Wanaosema hivi wanakumbusha kwamba unene uliokithiri ni ugonjwa sugu. Hakuna anayemshangaa mgonjwa wa moyo akirudi kutibiwa mara ya pili, kwa nini huyu aonewe haya? Hoja yao ni ya usipoziba ufa utajenga ukuta: kisukari na presha vikiachwa miaka mitatu, mgonjwa anafika mezani akiwa dhaifu zaidi. Msimamo huu una nguvu hasa pale penye kasoro inayoonekana, kama mkanda ulioteleza au asidi inayochubua umio. Udhaifu wake ni hatari. Upasuaji wa pili unapita kwenye makovu. Viungo vimeshikamana, mishipa ya damu imeshapunguzwa, na uwezekano wa mshono kuvuja au damu kutoka ni mkubwa kuliko mara ya kwanza. Na kwa kawaida kilo zinazopungua ni chache kuliko za mara ya kwanza. Hatari kubwa kwa faida ndogo ni biashara inayohitaji sababu madhubuti.

*Ajirekebishe kwanza.* Msimamo huu unataka mgonjwa aonyeshe nidhamu kabla ya kupewa nafasi nyingine. Una ukweli wake: bila protini ya kutosha, vitamini za kila siku na kliniki za ufuatiliaji, upasuaji wowote utadhoofika. Lakini una kasoro mbili. Unageuza baiolojia kuwa tabia mbaya, na unamfundisha mgonjwa kuficha. Anayeogopa kufokewa hatasema kwamba anakunywa pombe kila jioni au anakula usiku wa manane, na hizo ndizo habari ambazo daktari anazihitaji zaidi. Chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji huu kimeshaeleza kwamba sharti la bima la kumlazimisha mgonjwa apungue kilo fulani kabla ya upasuaji halina ushahidi wa kulitetea. Kumsaidia ale vizuri ni jambo moja. Kumpa kilo kama mtihani wa kuingilia ni jambo jingine.

*Dawa kabla ya kisu.* Huu ni msimamo mpya, na umebadilisha mjadala. Mwaka 2021, utafiti wa STEP 1 ulionyesha kwamba sindano ya semaglutaidi ilipunguza uzito kwa wastani wa karibu asilimia 15 katika wiki 68. Kwa waliokwisha kupasuliwa upo ushahidi wao wenyewe: katika utafiti wa BARI-OPTIMISE uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2023, watu 70 ambao upasuaji haukuwapunguza vya kutosha walifuatiliwa kwa wiki 24. Waliopewa sindano ya liraglutaidi walipungua asilimia 8.8, na waliopewa sindano isiyo na dawa nusu asilimia tu. Dawa haina makovu, na inaweza kusitishwa ikimkataa mtu. Lakini ikisitishwa, uzito unarudi: walioacha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa anayelipa mfukoni, hilo ni deni lisilo na tarehe ya mwisho. Dawa pia haizibi tundu wala kunyoosha mrija uliokunjika. Na soko lina bandia: mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi ya kughushi.

*Njia ya kati, kwa kamera.* Maungio ya baipasi yaliyolegea yanaweza kubanwa kwa kushonwa au kuchomwa kidogo kupitia kamera inayoingizwa mdomoni, bila kufungua tumbo. Hatari ni ndogo, na faida ni ya wastani. Baadhi ya watu huuliza pia kuhusu puto, ambalo limejulikana Tanzania kupitia huduma ya Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila. Puto hukaa kwa miezi michache kisha hutolewa. Mahali pake ni kwenye tumbo ambalo halijapasuliwa. Aliyewahi kukatwa tumbo kwa kawaida hawekewi, kwa kuwa makovu na ufinyu wa nafasi vinaongeza hatari ya kuchanika.

Ukikubalika, ni upi?

Pale sababu zinapoelekea upasuaji, uchaguzi unafuata tatizo. Mwenye mkanda kwa kawaida hutolewa mkanda, kisha hufanyiwa slivu au baipasi. Kama mkanda umekula ukuta wa tumbo, busara ni kuutoa kwanza na kuacha pajifunge kwa miezi kadhaa. Mwenye slivu na kiungulia kikali anafaa baipasi, kwa kuwa inapunguza asidi inayopanda. Kwa upande wa kilo, asitarajie miujiza. Mwenye slivu ambaye tatizo lake ni uzito tu anaweza kuelezwa kuhusu upasuaji unaoruka sehemu ndefu ya utumbo, kama ule uitwao SADI ulioanzia Madrid mwaka 2007. Huo unapunguza kilo zaidi, na gharama yake ni virutubisho: protini, madini ya chuma, kalsiamu, na vitamini A, D, E na K zinaweza kupotea maisha yote. Mahali ambapo kipimo cha vitamini A ni cha kusafirishwa nje na vidonge maalumu havipatikani kila mwezi, upasuaji wenye nguvu zaidi unaweza kuwa ndio wenye hatari zaidi. Jambo hili halisemwi kwenye matangazo.

Maandalizi yenyewe

*Kumbukumbu.* Kitu cha kwanza kutafutwa ni ripoti ya upasuaji wa kwanza: nini kilikatwa, kifuko kiliachwa cha ukubwa gani, utumbo uliunganishwa kwa urefu gani. Wengi waliotibiwa nje walirudi na karatasi ya kuruhusiwa tu. Waandikie hospitali ile mapema. Bila ripoti, daktari anaingia tumboni akikisia.

*Picha.* Endoskopi inaonyesha ndani: vidonda, uvimbe, maungio. Eksirei ya kumeza bariamu, ile dawa nyeupe nzito, inaonyesha umbo na mwendo wa chakula. Kipimo cha CT huongezwa inapohitajika. Endoskopi ni nafasi pia ya kupima bakteria wa H. pylori, ambao wameenea sana Afrika Mashariki, na kuwatibu kabla ya upasuaji.

*Damu na lishe.* Wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, B12, vitamini D, kalsiamu na protini vipimwe na vijazwe kwanza. Anayetapika kwa wiki kadhaa yuko katika hatari ya pekee ya kukosa vitamini B1. Akifika kituo cha afya na kuwekewa dripu ya glukosi kabla ya kupewa B1, ubongo unaweza kudhurika kwa kudumu. Mgonjwa na ndugu zake walijue hili, na walitamke mapokezini.

*Daftari la chakula.* Siku 14 za kuandika kila kilichoingia mdomoni, saa yake, na kilichokwama, humwambia mtaalamu wa lishe mengi kuliko maswali ya dakika kumi. Hapo ndipo mayai, dagaa, samaki, maharage yaliyopondwa na mtindi usio na sukari vinapangwa upya kuchukua nafasi ya uji na chai.

*Dawa na vileo.* Sigara iachwe. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani bila cheti kwa kila maumivu ya mgongo, huleta vidonda kwenye maungio ya baipasi; mbadala utafutwe sasa. Pombe baada ya baipasi hupanda haraka na hatari ya uraibu huongezeka, hivyo izungumzwe bila kuhukumiana. Anayetumia sindano za kupunguza uzito amweleze daktari wa usingizi, kwa kuwa chakula hukaa tumboni muda mrefu na kinaweza kuingia kwenye mapafu. Baadhi ya vidonge vya kisukari husimamishwa siku chache kabla, kwa maelekezo ya daktari tu. Anayetumia DTG apangiwe saa za kumeza kalsiamu na chuma, kwa kuwa vikigongana dawa haifyonzwi vizuri.

*Akili na nyumba.* Mshauri wa saikolojia hayupo kumchuja mtu. Yupo kutambua huzuni au ulaji wa kupitiliza unaotibika. Anayepika nyumbani aketi kwenye mazungumzo ya lishe. Mwanamke apange uzazi: ujauzito unashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18, na vidonge vya kumeza vinaweza visitegemeke baada ya baipasi.

*Fedha za baadaye.* Bajeti isiishie kwenye chumba cha upasuaji. Iingize vipimo vya damu vya kila mwaka, vitamini za maisha, na akiba ya dharura. Swali la kumuuliza anayeuza kifurushi cha nje ni moja: mshono ukivuja siku ya kumi nikiwa nimesharudi Tanga au Kisumu, nani atanipokea?

*Wiki mbili za mwisho.* Wagonjwa wengi hupewa mlo wenye wanga kidogo na protini ya kutosha ili ini lenye mafuta lisinyae na kumpa daktari nafasi ya kufanya kazi.

Kupima uzito wa hoja

Tukiziweka hoja pamoja, hakuna msimamo unaoshinda kila mahali. Wa upasuaji wa mapema unashinda penye kasoro ya maumbile iliyothibitishwa kwa picha, na pale asidi au kubana kunapomtesa mtu. Wa dawa unashinda pale maumbile yako sawa na mwili ndio uliojitetea, mradi mgonjwa anaweza kumudu gharama na kupata dawa halali. Wa kujirekebisha unashinda kama sehemu ya kila tiba, na unashindwa unapogeuzwa kuwa adhabu. Njia ya kamera inafaa kasoro ndogo zenye mahali mahususi.

Kuna mizani nyingine ambayo nchi zetu haziwezi kuikwepa, nayo ni uwezo wa kufuatilia. Upasuaji unaohitaji vipimo vya mara kwa mara haumfai mtu asiyeweza kuvifikia, hata kama Ulaya unasifiwa. Kumwambia mgonjwa hivyo si kumnyima tiba, ni kumlinda. Hospitali nazo zina wajibu: anayemfanyia mtu upasuaji wa kwanza ampe ripoti kamili mkononi, ampangie kliniki za miaka, na asimtupe kilo zikirudi.

Kwa ufupi

Kurudi kwa kilo chache ni sehemu ya safari. Kurudi kwa zaidi ya asilimia 30 ya zilizopotea, au kwa maradhi, ni sababu ya kuchunguzwa. Uchunguzi utangulie uamuzi, na utafute mafungu yote manne: umbile, mwili, ulaji, na magonjwa pamoja na dawa. Upasuaji wa pili una hatari zaidi na faida ndogo zaidi kuliko wa kwanza, kwa hiyo uwe na tatizo maalumu unalokwenda kulitatua. Maandalizi yakikamilika, mgonjwa anapaswa kuweza kusema kwa maneno yake mambo matatu: nini kiliharibika, upasuaji huu utakirekebisha vipi, na nani atamfuatilia baada ya hapo. Kama hata moja kati ya hayo halina jibu, tarehe isogezwe mbele.